Miller Huggins: Mdogo wa Umbo, Mkuu wa Mamlaka

Miller Huggins alizaliwa mwaka wa 1878 jijini Cincinnati, Marekani. Kimo chake hakikutimia futi 5 na inchi 7. Babake, Mkristo mshika dini, aliupinga mchezo wa besiboli, hivyo kijana akaanza kuucheza kwa jina la kubuni. Hata baada ya kuhitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, aliuchagua uwanja badala ya mahakama.

Katika besiboli, mpigaji huupiga kwa gongo mpira anaorushiwa, kisha hukimbia kutoka kituo hadi kituo. Mnamo mwaka wa 1904, Huggins alijiunga na Cincinnati Reds kama mlinzi wa kituo cha pili. Hakuwa na misuli ya kuupeleka mpira mbali, ila aliugeuza ufupi wake kuwa silaha. Mpira halali ulipaswa kupita kati ya magoti na mabega ya mpigaji. Kwake, nafasi hiyo ilikuwa finyu. Mrushaji akiikosa mara 4, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bila jasho. Kwa subira hiyo, Huggins aliongoza Ligi ya Taifa misimu 4. Alihamia St. Louis Cardinals mwaka wa 1910, na kuanzia 1913 akawa meneja, yaani kocha mkuu, huku akiendelea kucheza.

Jacob Ruppert alimwajiri kuiongoza New York Yankees kuanzia msimu wa 1918. Mshirika wake katika umiliki, aliyekuwa vitani Ufaransa, hakuridhia kamwe uteuzi huo. Babe Ruth alipowasili mwaka wa 1920, Huggins alipata mpigaji hodari kuliko wote, na pia mchezaji asiyemheshimu. Yankees walishindwa katika fainali kuu za 1921 na 1922, kisha wakatwaa taji lao la kwanza mwaka wa 1923.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mnamo Agosti 1925, timu ikiwa taabani, Ruth alichelewa tena. Huggins alimtoza faini ya dola 5,000 na kumsimamisha. Ruth alikimbilia kwa Ruppert akitaraji meneja afutwe. Ruppert akasimama na meneja, na nyota huyo akalazimika kuomba radhi. Msimu huo Yankees walimaliza wa 7 kati ya timu 8. Hata hivyo, mamlaka yalikuwa yamepata mwenyewe. Walitwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 1926. Mwaka wa 1927 walishinda mechi 110 na kupoteza 44, Ruth akivusha mpira nje ya uwanja mara 60. Fainali za 1927 na 1928 walizishinda bila kupoteza mechi hata moja.

Huggins alifariki tarehe 25 Septemba 1929 kutokana na maambukizi ya damu, msimu ukiwa haujaisha. Mwaka wa 1932, Yankees walimjengea mnara wa kumbukumbu ndani ya uwanja wao, wa kwanza kuwekwa hapo. Ule wa Ruth ulisimamishwa kando yake mwaka wa 1949.