GHIYATH AL-DIN AL-KASHI, MWALIMU WA HESABU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa hii hatukuletei maisha ya sahaba wala ya imamu wa madhehebu. Tunakuletea maisha ya mwalimu wa hesabu, na usishangae. Nyumbani kwako yuko mtoto wa mwaka wa saba au wa nane ambaye akiandikiwa 25,07 mara 14,3 anaweka kalamu chini na kutafuta simu. Na huenda wewe mwenyewe, siku ya kutoa zaka au ya kugawa mirathi, unamwachia mtu mwingine akuhesabie, kisha unaitikia tu.

Jina lake ni Ghiyath al-Din Jamshid ibn Mas'ud al-Kashi. Alizaliwa Kashan, katika nchi ya Iran, karibu na mwaka 1380. Wakati ule majeshi ya Timur yalikuwa yakipita na kuvunja miji, na watu wa Kashan walikuwa na umaskini mwingi. Jamshid alijifunza utabibu, lakini moyo wake ulikuwa juu ya nyota. Tarehe ya kwanza ya maisha yake tunayoijua kwa yakini ni tarehe 2 Juni 1406: usiku ule mwezi ulipatwa, naye alikuwa Kashan akiutazama na kuandika. Mwaka 1407 alimaliza kitabu Sullam al-Sama, yaani Ngazi ya Mbingu, juu ya umbali na ukubwa wa vitu vya angani. Ila elimu haikumtoa katika shida. Mwanachuoni wa siku zile alihitaji mkubwa wa kumtunza, kama vile vijana wetu wengi wenye akili leo wanavyokaa wakingoja wa kuwalipia masomo.

Mkubwa huyo alikuja kupatikana Samarkand. Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, alikuwa mtawala aliyependa hesabu kuliko vita. Alianza kujenga madrasa yake mwaka 1417, ikamalizika mwaka 1420, na jengo lake lingali limesimama katika uwanja wa Registan. Akawaita wanachuoni, al-Kashi akiwa mmoja wao. Katika barua kwa baba yake al-Kashi alisimulia namna mtawala yule, akiwa juu ya farasi, alivyohesabu kichwani mahali pa jua kwa digrii na dakika katika siku fulani ya zamani, na aliposhuka akamwuliza yeye ahakikishe. Waandishi wa baadaye wanasema al-Kashi hakujua adabu za ikulu, na Ulugh Beg alimvumilia kwa sababu alimhitaji. Mtawala mwenye kuvumilia namna hiyo ni neema.

Mwaka 1424 al-Kashi aliandika risala juu ya mzingo wa duara. Alichora kwa akili umbo lenye pande 805 306 368 ndani ya duara, akahesabu kwa mkono, akapata kwamba mzingo ukigawanywa kwa nusu kipenyo ni 6,2831853071795865. Tarakimu zile zote ni sahihi. Ilipita miaka zaidi ya 170, hata mwaka 1596, ndipo mtu akamzidi.

Lakini jambo tunalotaka ulishike ni la mwaka 1427, alipomaliza kitabu Miftah al-Hisab, Ufunguo wa Hesabu. Watu wa nyota walihesabu vipande kwa sitini sitini, kama saa inavyokatwa dakika 60 na dakika sekunde 60. Njia hiyo ina nguvu, ila jedwali lake la kuzidisha ni refu mno, na mfanyabiashara, mpima mashamba, mwashi na karani hawakuijua. Al-Kashi akawaonea huruma. Akachukua mpango uleule, akaweka kumi mahali pa sitini: sehemu za kumi, kisha za mia, kisha za elfu. Kwa hiyo anayejua kwenda kushoto, mamoja, makumi, mamia, anajua pia kwenda kulia. Sheria ni moja pande zote mbili. Koma yetu, ile walimu wanayoiita virgili, hakuwa nayo. Yeye alitenganisha kwa mstari wa kusimama, au kwa wino wa rangi nyingine, au kwa kuandika juu jina la nafasi ya mwisho.

Kwa haki tuseme kwamba al-Uqlidisi alikwisha kuandika juu ya sehemu za kumi huko Damascus mwaka 952 au 953. Kitabu chake kimebaki nakala moja tu, na al-Kashi alidhani yeye ndiye wa kwanza. Huko Ulaya, Simon Stevin wa Bruges, Ubelgiji, alitoa kijitabu chake juu ya jambo hilo mwaka 1585, miaka 158 baada ya Miftah. Sisi tuliosoma katika shule zilizoachwa na Wabelgiji hatukuambiwa habari ya al-Kashi.

Sasa chukua kalamu, maana hesabu ile ya mtoto wako, 25,07 mara 14,3, ni ya al-Kashi mwenyewe. Sahau koma kwanza: ni 2507 mara 143. Chora wavu wa vyumba vinne kwa upana na vitatu kwa urefu. Juu andika 2, 5, 0, 7. Pembeni 1, 4, 3. Kata kila chumba kwa mstari wa mshazari. Saba mara nne ni 28: 2 inakaa juu ya mstari, 8 chini yake. Ukimaliza vyumba vyote, jumlisha kwa kufuata mishazari kuanzia kulia, utapata 358501. Kisha rudisha koma: namba moja ilikuwa na nafasi mbili, nyingine moja, jumla tatu. Jibu ni 358,501. Uzuri wa wavu ni kwamba mtoto akikosea, mwalimu anaona chumba gani kimekosewa, haifuti kazi yote. Na umzoeze kukisia: 25 mara 14 ni 350, basi aliyeandika 3585,01 ajue mwenyewe kwamba koma imemponyoka.

Katika kitabu hichohicho alitafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara tano inakaribia 44 240 899 506 197. Ni 536, na inabaki 21. Alifanya bila mashini.

Utasema, haya yanamhusu nini mwenye kuswali? Fungua Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12: nusu, robo, thumuni, theluthi, sudusi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne sita kabla ya al-Kashi, alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr kwa mambo ya wasia na mirathi. Mtu akifa akaacha mke na watoto, na baada ya deni na wasia zikabaki dola 4 350, thumuni ya mjane ni 0,125, yaani dola 543,75. Koma ikisogezwa nafasi moja, mama wa watu anaondoka na dola 54 na kidogo, na yeye hajui. Mali ya dola 3 480 iliyofika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, zaka yake ni 2,5 kwa mia: dola 87. Maskini ana haki ya 87 kamili.

Al-Kashi alifariki Samarkand tarehe 19 Ramadhani 832, sawa na 22 Juni 1429, kazi ya majedwali ya nyota ikiwa haijaisha. Wenzake waliimaliza, na Ulugh Beg akamtaja kwa sifa katika dibaji. Ulugh Beg naye aliuawa mwaka 1449 kwa amri ya mwanawe mwenyewe. Miftah ilinakiliwa kwa mkono karne baada ya karne. Na barua zile alizompelekea mzee wake Kashan, kumweleza nani wamekaa naye darasani na maswali gani yamewashinda, zimehifadhiwa mpaka leo. Allah amrehemu yeye na baba yake. Amin.