Anna Nicole Smith: Kifua kilimpa jina, maumivu yakabaki yake

Ebu tuanze na wewe. Umewahi kusimama mbele ya kioo, ukavuta blauzi kwa nyuma, ukajigeuza upande upande, halafu ukawaza: nikiongezwa kidogo tu hapa, si mambo yangu yatanyooka? Usiogope, sikuulizi ili nikucheke. Mimi pia nimesimama pale.

Juzi rafiki yangu, tuliyekua naye ploti moja, alinitumia WhatsApp bei ya kuongezwa matiti. Amekuwa akiweka pesa za chama pole pole, na sasa zimekaribia kutosha. Swali lake lilikuwa moja: nifanye ama nisifanye? Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha. Lakini kuna maisha ya mtu mmoja ambayo nimeyasoma sana, nikamwambia ayasikie kwanza kabla ya kulipa hata shilingi. Nawe pia kaa hapo uyasikie.

Mtu huyo ni Anna Nicole Smith. Kama umezaliwa baada ya 2000 huenda unamjua tu kwa picha: nywele za dhahabu, midomo myekundu, kifua kilichotangulia kuingia chumbani kabla yake. Mama yako anamkumbuka vizuri zaidi. Kwa miaka kama 15 hivi, magazeti ya Marekani hayakulala bila jina lake.

Msichana wa Mexia

Alizaliwa Novemba 28, 1967 mjini Houston, jimbo la Texas, na jina lake lilikuwa Vickie Lynn Hogan. Baba aliondoka mapema. Mama alikuwa polisi. Sehemu ya utoto wake aliishi na dada ya mama yake katika mji mdogo unaoitwa Mexia, ule mji ambao ukikohoa kona hii, kona ile wanakuuliza umepata homa lini.

Shule hakumaliza. Aliingia kazi kwenye mkahawa wa kuku wa kukaanga, akapendana na kijana wa jikoni, Billy Smith. Walioana 1985, bibi harusi akiwa na miaka 17 na bwana harusi 16. Januari 1986 wakapata mtoto wa kiume, Daniel. Ndoa haikukaa. Kufikia umri wa miaka 20 alikuwa amerudi Houston, mama asiye na mume, bila cheti, na mtoto anayetaka maziwa kila asubuhi.

Nasema hivi ili uelewe kitu kimoja. Huyu hakuwa tajiri aliyechoka na mwili wake. Alikuwa mtu wa kuhangaika kama sisi. Alifanya kazi dukani Walmart, akahudumu katika mkahawa wa samaki, pesa hazikutosha. Mwishowe akaingia klabu za usiku kucheza uchi. Na hapo ndipo alipojifunza kwamba mwili una bei, na bei hiyo anayeipanga ni mteja.

Katika klabu, wanaolipa vizuri huja usiku. Vickie alipangiwa zamu za mchana, wakati viti vingi ni vitupu. Umbo lake halikuwa lile lililotafutwa. Basi akafanya hesabu ambayo rafiki yangu anaifanya leo: nikiongeza kifua, nitaongeza mapato.

Mji uliozaa silikoni

Sasa sikiza jambo la ajabu. Upasuaji wa kuweka mifuko ya silikoni kifuani ulianzia Houston huko huko. Mwaka 1962, miaka mitano kabla Vickie hajazaliwa, madaktari wawili, Thomas Cronin na Frank Gerow, walimwekea mwanamke mifuko hiyo kwa mara ya kwanza. Inasimuliwa kuwa wazo lilikuja Gerow alipofinya mfuko wa damu, akahisi ulivyo laini. Walijaribu kwanza kwa mbwa.

Na huyo mwanamke wa kwanza? Alikuwa mama wa watoto sita aliyeenda hospitalini kufutiwa tatuu. Matiti hayakuwa shida yake. Yeye alitamani masikio yake yarekebishwe, na madaktari wakakubali kuyafanya pamoja na kifua. Kumbuka hilo siku utakapoingia kliniki kuuliza jambo moja ukajikuta unauziwa matatu.

Kwa hiyo Vickie alipokua, upasuaji huo ulikuwa kitu cha kawaida mjini kwao. Alifanyiwa. Wala haikuwa mara moja. Alirudi kwenye meza ya upasuaji tena na tena, kifua kikizidi kukua, mpaka kikawa ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu alikizungumzia akitaja jina lake.

Je, hesabu yake ilijibu? Tusidanganyane, ilijibu. Mwaka 1992 alitokea kwenye jalada la jarida la Playboy, na 1993 akatajwa mrembo wao wa mwaka. Kampuni ya nguo ya Guess ikamchukua, picha zake zikajaa mabango makubwa, na hapo ndipo jina la Anna Nicole lilipozaliwa. Alikuwa akimpenda mno Marilyn Monroe, na sasa watu walikuwa wakimlinganisha naye. Msichana wa kuku wa kukaanga!

Hii ndiyo sehemu ambayo Instagram inakuonyesha. Inaishia hapa. Mimi naendelea.

Mwaka ule ule

Mwaka huo huo wa 1992, Anna akipanda jukwaani, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizuia mifuko ya silikoni kutumika kwa urembo wa kawaida. Wanawake wengi walikuwa wamelalamika: mifuko kupasuka, vifua kuwa vigumu, maumivu yasiyoisha. Kampuni kubwa ya kuitengeneza, Dow Corning, iliomba kinga ya kufilisika 1995 kwa wingi wa kesi. Silikoni iliruhusiwa tena Novemba 2006, baada ya uchunguzi wa miaka mingi kutopata ushahidi kwamba inaleta yale magonjwa mazito ya mwili mzima yaliyohofiwa. Lakini matatizo ya pale pale kifuani hayakukanushwa. Hayo ni ya kweli mpaka leo.

Ebu nikuorodheshee, kwa sababu muuzaji hatakuambia kwa sauti.

Kwanza, mifuko hii si ya milele. FDA wenyewe wanasema kadiri inavyokaa mwilini ndivyo uwezekano wa matatizo unavyopanda, na kwamba hadi mwanamke mmoja kati ya 5 waliowekewa kwa ajili ya urembo huhitaji kutolewa ndani ya miaka 8 hadi 10. Maana yake ukifanya ukiwa na miaka 23, usihesabu upasuaji mmoja. Hesabu wa pili, pengine wa tatu, na uulize nani atalipa.

Pili, mwili hujenga ngozi ya kovu kuzunguka mfuko. Hiyo ni kawaida. Lakini kwa wengine kovu hilo hukaza, titi likawa gumu kama mpira, likapinda, likauma.

Tatu, mfuko unaweza kupasuka. Ule wa maji ya chumvi ukipasuka utajua, titi linanywea. Wa silikoni unaweza kupasuka kimya kimya, usijue kitu. Ndiyo maana FDA inashauri kupigwa picha za MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3. Umeweka hiyo kwenye bajeti?

Nne, chuchu zinaweza kupoteza hisia, na kunyonyesha kunaweza kuwa kugumu. Kama bado unataka watoto, hili lizungumze na daktari kabla ya kisu.

Tano, kuna saratani adimu ya mfumo wa kinga inayotokea kwenye lile kovu, hasa kwa mifuko yenye uso wa kukwaruza. Mwaka 2019 aina moja ya mifuko hiyo ya kampuni ya Allergan iliondolewa sokoni duniani kote. Ni adimu, ndiyo. Lakini uliza unawekewa aina gani.

Maumivu nyuma ya picha

Turudi kwa Anna. Mwaka 1994, akiwa na miaka 26, aliolewa na bilionea wa mafuta J. Howard Marshall, mzee wa miaka 89 aliyekutana naye klabuni. Dunia ilicheka. Mzee akafa Agosti 1995, na vita vya urithi vikaanza kati ya Anna na mtoto wa marehemu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mara mbili. Mwisho wa yote, urithi hakuupata.

Wakati huo wote mwili wake ulikuwa ukidai. Waliokuwa karibu naye walisimulia maumivu ya mgongo na kifua, na dawa za kutuliza ambazo zilianza kwa kidonge kimoja zikawa mfuko mzima. Mwaka 2002 alipopata kipindi chake cha runinga, watu walimwona akiongea kwa kuburuta maneno, macho mazito. Wengi walidhani ni uigizaji. Walicheka. Ukikitazama leo hucheki.

Septemba 2006 akajifungua mtoto wa kike huko Nassau, Bahamas. Siku tatu baadaye Daniel, yule mtoto wa Mexia, sasa kijana wa miaka 20, alikuja kumwona mama na dadake. Alifia pale pale chumbani hospitalini kutokana na mchanganyiko wa dawa. Hebu tafakari hilo, mama na kitoto kichanga mkononi.

Anna hakuinuka tena. Februari 8, 2007 alikutwa hajitambui katika hoteli moja jimboni Florida, akafa akiwa na miaka 39. Uchunguzi ulisema ni ajali ya dawa nyingi zilizochanganyika, kubwa ikiwa ya usingizi. Alizikwa Bahamas kando ya mwanawe. Mwaka 2010 mahakama ya Los Angeles ilisikiliza kesi kuhusu dawa alizokuwa akiandikiwa, na maumivu yake sugu yakajadiliwa kwa siku nyingi.

Sasa usininukuu vibaya. Sisemi silikoni ilimuua. Haikumuua. Umaskini, upweke, dawa, msiba wa mtoto, yote yalikuwepo. Ninachosema ni kwamba alinunua kifua kama mtu anunuavyo gauni, halafu akagundua gauni hili halivuliwi jioni.

Ukiamua kufanya

Mwili ni wako, na sitakupigia kelele. Wapo waliofanya na wameridhika, na wapo waliopoteza titi kwa saratani ambao upasuaji huu uliwarudishia raha ya kuvaa nguo. Ila fanya ukiwa macho wazi.

Tafuta jina la daktari kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC. Iko mtandaoni, ni bure. Hakikisha ana leseni ya mwaka huu na amesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kuwa na wafuasi wengi TikTok si cheti. Uliza ni nani atakayekupa nusukaputi, na damu ikikataa kukoma utakimbizwa hospitali gani. Uliza mifuko imetengenezwa na nani, kisha udai kadi yenye namba zake uiweke kama unavyoweka kitambulisho. Wafaransa wana hadithi chungu hapo: kampuni ya PIP ilijaza mifuko silikoni isiyo ya kitabibu, ikauza nchi nyingi duniani, mpaka ilipokamatwa 2010. Waliokuwa na kadi angalau walijua kilichomo mwilini mwao.

Mwambie daktari ukweli kuhusu sigara, dawa unazomeza na historia ya saratani kwenu. Usichukue saizi kwa sababu ya picha ya mtu mwingine. Mgongo utakaoubeba mzigo ni wako. Na ukitishwa kwamba bei itapanda kesho, vaa viatu uondoke.

La mwisho ni swali nililomuuliza rafiki yangu: je, ungefanya hata kama hakuna mtu atakayekuona? Alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Akaniambia pesa ziko kwa chama bado, anaenda kwanza kumwona daktari amuulize haya yote, moja baada ya jingine.

Vickie alikuwa na miaka ishirini na ushei alipojibu swali lake, na mahali alipokuwa hapakuwa na wa kumuuliza. Wewe je, ungejibu vipi?