Charles Proteus Steinmetz

Charles Proteus Steinmetz (9 Aprili 1865 – 26 Oktoba 1923) alikuwa mwanahisabati na mhandisi wa umeme kutoka Ujerumani aliyehamia Marekani. Anajulikana hasa kwa hesabu zake za umeme wa mkondo geu.

Maisha

Alizaliwa Breslau (leo Wrocław, Poland). Alikuwa na kibiongo kama baba yake, na kimo chake kilikuwa takriban mita 1.2. Mwaka 1888 alikimbia Ujerumani akihofia kukamatwa kwa sababu ya siasa zake za ujamaa. Mwaka uliofuata alifika New York, ambako maofisa wa uhamiaji nusura wamrudishe. Hakuoa, kwa kuogopa kurithisha ulemavu wake. Alimwasili msaidizi wake, Joseph Hayden.

Kazi

Mwaka 1892 alionyesha jinsi ya kukadiria nishati inayopotea kama joto katika chuma cha mota na transfoma. Kabla ya hapo mafundi walilazimika kuunda mashine kwanza, ndipo waipime.

Kisha alikabili tatizo gumu zaidi. Umeme wa mkondo geu unatakiwa kuwa wimbi laini. Wimbi hilo likiharibika, ndani yake huwa na mawimbi mengine yenye masafa mara 3, 5, 7 na kuendelea, yanayoitwa harmoniki. Katika miaka ya 1890, mjini Hartford, mota zilipata joto kupita kiasi bila sababu iliyoonekana. Steinmetz alichambua wimbi la jenereta na kukuta kwamba njia ya umeme yenyewe ilikuwa ikikuza harmoniki. Baadaye alipendekeza koili za transfoma ziunganishwe kwa umbo la delta ili kuzuia harmoniki ya tatu.

Harmoniki leo

Gridi ya Tanzania, inayofika Moshi kupitia kituo cha Kiyungi, ina masafa ya hertz 50; harmoniki yake ya tatu ni hertz 150. Siku hizi chanzo kikubwa si jenereta bali vifaa vya wateja: kompyuta, taa za LED na vidhibiti mwendo vya mota viwandani. Harmoniki ya tatu ya nyaya zote tatu hujumlishana katika waya wa nyutro, ambao unaweza kuungua hata pale mzigo unapoonekana kusawazishwa vizuri.

Delta haizuii harmoniki ya 5 wala ya 7. Kwa hizo hutumika vichujio amilifu: hupima mkondo uliopotoka, kisha huingiza mkondo wa kinyume ili harmoniki zifutane. Steinmetz asingeweza kuviunda, kwani hutegemea transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde.