Mama Biddy Mason, aliyetembea nyuma ya magari

Leo tunasimulia maisha ya mama mmoja wa Marekani. Jina lake ni Bridget, lakini watu wote walimwita Biddy. Hakujua kusoma wala kuandika. Hata siku aliponunua kiwanja chake alitia alama ya X tu mahali pa jina.

Alizaliwa katika utumwa, kusini mwa Marekani, tarehe 15 Agosti 1818. Mtumwa wakati ule hakuandikwa kuwa mtoto wa fulani. Aliandikwa kama mali, pamoja na ng'ombe na vyombo vya nyumba, na ndiyo maana majina ya wazazi wa Biddy yamepotea. Alipokuwa mtu mzima alikuwa mali ya Robert Smith, mlimaji wa Mississippi. Huko alijua kazi ya kuzalisha wamama na kutunza wagonjwa kwa majani ya dawa. Kazi hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Smith aliingia katika dini ya Wamormoni, na mwaka 1848 akaamua kuhamia magharibi, kwenye bonde la Salt Lake, ambako Wamormoni walikuwa wanajenga mji wao. Wakati huo Marekani ilikuwa imetoka kupigana na Meksiko na kuchukua nchi kubwa mpaka bahari ya Pasifiki. Watu wengi walikwenda huko kutafuta ardhi. Katika vitabu wanasifiwa kwa ushujaa wao. Lakini ni nani aliyepika jioni magari yaliposimama? Biddy alitembea kwa miguu nyuma ya magari, kilometa zipatazo 2,700, akichunga wanyama katika vumbi. Alikuwa na binti zake watatu: Ellen wa miaka kama 10, Ann mdogo, na Harriet aliyekuwa bado ananyonya. Njiani alizalisha wamama wengine. Wale waliotembea na mtoto mgongoni hata siku mbili tu watanielewa bila maneno mengi.

Mwaka 1851 Smith akahama tena, akawapeleka San Bernardino, katika California. Hapa, wapendwa, msome polepole. California ilikuwa imepokelewa mwaka 1850 kama jimbo ambalo utumwa umekatazwa. Kwa hiyo Biddy alivuka mpaka, akakaa mahali ambapo sheria ilikataza utumwa, naye akaendelea kufua, kupika na kuchunga kama mtumwa kwa miaka karibu mitano. Sheria ilikuwa katika karatasi. Smith hakuwa na haraka ya kumsomea.

Waliomfungua macho ni watu weusi waliokuwa huru: mama Elizabeth Flake Rowan, na familia ya Robert Owens, mfuga farasi wa Los Angeles. Kijana wa Owens, Charles, alimpenda Ellen. Mwishoni mwa mwaka 1855 Smith aliona hatari, akaanza safari ya kuwahamishia wote Texas, ambako utumwa ulikuwa na nguvu. Walipiga kambi milimani. Owens na rafiki zake wakapeleka habari kwa wakubwa wa sheria, na polisi wakaja wakawazuia kabla hawajaondoka.

Kesi ikaanza mwezi wa Januari 1856 mbele ya mwamuzi Benjamin Hayes. Smith alisema kwamba hao si watumwa wake, ni watu wa jamaa yake, na wanakwenda Texas kwa mapenzi yao. Biddy angejibu vipi? Sheria ya California ilikataza mtu mweusi kutoa ushuhuda juu ya mzungu. Tena avoka aliyepaswa kumtetea akaacha kufika tribinalini. Ilijulikana kwamba Smith alimpa dola 100. (Mambo ya namna hiyo hayakuanzia kwetu.)

Mwamuzi Hayes alimwita Biddy pembeni, katika chumba chake, akamwuliza kwa upole mbele ya mashahidi wachache. Biddy alieleza kwamba siku zote alifanya alivyoamriwa, lakini safari ile ya Texas aliiogopa tangu aliposikia habari yake. Hayo tu. Mwamuzi akaamua kwamba Biddy, mwenzake Hannah, na watoto wao, jumla ya watu 14, ni watu huru. Smith akaenda zake Texas bila wao.

Tusidhani kwamba mlango ulikuwa wazi kwa wote. Mwezi wa Machi 1857 Tribinali Kuu ya Marekani ilimkatalia Dred Scott, ambaye naye alikuwa amekaa katika nchi isiyo na utumwa. Ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Biddy alipita mwaka mmoja tu kabla.

Akajipa jina la Mason, akafanya kazi kwa daktari Griffin kwa dola 2.50 kwa siku. Alizalisha mamia ya watoto, wa matajiri na wa maskini. Ugonjwa wa ndui ulipoingia mjini aliwauguza wagonjwa. Mwaka 1866 akanunua kiwanja chake katika barabara ya Spring kwa dola 250. Ni fedha ya siku 100 za kazi, lakini ilimchukua miaka 10 kuikusanya. Mji ukakua, kiwanja kikapanda bei, naye akawa tajiri. Wafungwa aliwatembelea, wenye njaa walipanga mstari mlangoni kwake. Mafuriko yalipoharibu nyumba za watu mwaka 1884, alifungua hesabu katika duka la vyakula, akalipa yeye.

Nyumbani kwake, mwaka 1872, lilianza kanisa la kwanza la African Methodist Episcopal la Los Angeles. Ni tawi la kanisa lililoundwa Philadelphia mwaka 1816 na watu weusi, wakiongozwa na Richard Allen, ambaye naye alizaliwa mtumwa.

Mama Biddy alifariki tarehe 15 Januari 1891. Alizikwa katika makaburi ya Evergreen bila jiwe lenye jina lake. Ilipita miaka 97. Mwaka 1988 waumini wa kanisa lile, pamoja na meya wa mji Tom Bradley, walikwenda wakaweka jiwe juu ya kaburi, jina lake likachorwa hapo.