J. E. B. Stuart (1833–1864): Askari wa Farasi Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Mtahiniwa, ukiulizwa athari za vita vya wenyewe kwa wenyewe, usiishie kutaja vifo na uharibifu wa mali. Eleza pia jinsi vita hivyo vinavyogawa familia. Maisha ya Jenerali Stuart yatakupa mfano.

James Ewell Brown Stuart alizaliwa Virginia tarehe 6 Februari 1833. Alihitimu Chuo cha Kijeshi cha West Point mwaka 1854, akawa askari wa farasi. Mwaka 1855 alimwoa Flora, binti wa ofisa wa jeshi hilohilo, Philip St. George Cooke.

Virginia ilipojitenga mwaka 1861, Stuart alijiunga na Majimbo ya Kusini, yaliyopigania kudumisha utumwa. Baba mkwe wake alibaki upande wa Muungano. Stuart alikasirika hata akambadilisha jina mwanawe mchanga, aliyeitwa kwa jina la babu yake huyo.

Juni 1862 aliongoza askari wapatao 1,200, wakalizunguka jeshi zima la Jenerali McClellan. Kumbuka kwamba miongoni mwa makamanda waliomfuatia ili wamkamate alikuwamo baba mkwe wake.

Sifa zilienea, lakini misiba ikafuatana. Novemba 1862 binti yake mdogo, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitano, alifariki kwa maradhi. Stuart alikuwa vitani, hakwenda kumzika. Machi 1863 rafiki yake John Pelham, mkuu wa mizinga, aliuawa. Julai 1863 alichelewa kufika Gettysburg, Jenerali Lee akakosa habari za adui, na Stuart akalaumiwa.

Tarehe 11 Mei 1864 alipigwa risasi huko Yellow Tavern. Alifariki kesho yake mjini Richmond, akiwa na miaka 31. Mkewe alifika saa chache baadaye, akamkuta amekwisha kufa. Flora alivaa nguo za msiba hadi alipofariki mwaka 1923.

Mwaka 1865 Kusini ilishindwa na utumwa ukafutwa. Hapa watahiniwa wengi hukosea: huchanganya ujasiri wa askari na uhalali wa jambo analolipigania. Stuart alikuwa jasiri, lakini upande wake ulitaka mamilioni ya Waafrika waendelee kuwa watumwa. Katika jibu lako, tenganisha hoja hizo mbili, na kila moja uitolee ushahidi.