Az-Zahrawi: Tabibu Aliyejua Pa Kuuzuia Mkono

Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi hutajwa mara nyingi kuwa baba wa upasuaji, na maelezo huishia hapo. Leo tumeona tumtazame katika maradhi ambayo watu wengi huona haya kuyataja hata mbele ya tabibu, nayo ni maradhi ya njia ya mkojo. Huko ndiko unakoonekana vyema ustadi wake, na hadhari yake zaidi.

Alizaliwa Madinatuz-Zahra, mji wa makhalifa karibu na Cordoba katika Andalusia, yapata mwaka 936 Miladia. Habari za maisha yake ni chache mno, kwani mji huo uliporwa na kuharibiwa mwaka 1010 katika fitina zilizoiangusha dola ya Bani Umayya, naye akafariki yapata mwaka 1013. Kilichosalimika ni kitabu chake, At-Tasrif, chenye makala 30, alichokikamilisha karibu na mwaka 1000 baada ya kutibu watu kwa takriban nusu karne. Makala ya mwisho inahusu upasuaji, nayo ina michoro ya ala zipatazo 200. Humo huwasemeza wanafunzi wake kama baba anavyosema na wanawe.

Jambo la kwanza analowaonyesha si ushindi. Anasimulia habari za mzee mmoja aliyekuwa na jiwe kubwa katika kibofu. Az-Zahrawi aliitwa amtoe jiwe hilo, akamchunguza, akaona ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa, akakataa, kwa kuwa alijua mzee yule hatapona kisu. Tabibu mwingine akajitosa. Jiwe lilitoka pamoja na kipande cha kibofu, na mzee akafa baada ya siku kama tatu. Sisi twaona kuwa kukataa kule kulihitaji ujasiri kuliko kupasua, maana aliyekataa ndiye aliyeweza kudhaniwa kuwa hajui.

Wala si kwamba aliogopa kupasua. Dalili za jiwe alizipanga kwa makini: mkojo mweupe kama maji wenye mchanga ndani yake, na mtoto wa kiume kujishika-shika uume kila mara. Kisha tabibu huingiza kidole katika njia ya haja kubwa, akalitafuta jiwe na kulisukuma hadi shingoni mwa kibofu, ndipo apasue kati ya njia hiyo na korodani, akielekea upande wa kushoto. Alieleza kuwa kazi hiyo ni nyepesi kwa watoto hadi miaka 14, ni nzito kwa wazee, na kwa vijana ni ya wastani.

Jiwe likikwama ndani ya njia ya mkojo, hakukimbilia kisu. Alifunga uzi nyuma ya jiwe ili lisirudi kibofuni, akaingiza keekee nyembamba ya chuma cha pua, akaizungusha taratibu mpaka jiwe litoboke na mkojo upite, kisha akalivunja kwa kulibana kwa nje. Kwa mtu aliyezibana mkojo alitumia mrija mwembamba wa fedha, laini, wenye urefu wa kama shubiri moja na nusu. Ndio babu wa kile tunachokiita hospitalini mpira wa mkojo.

Kuhusu wanawake, alikiri kuwa tiba ya jiwe kwao ni ngumu, na sababu mojawapo ni stara: mwanamke hujificha kwa tabibu wa kiume, na matabibu wa kike wenye ujuzi walikuwa haba. Hakumwacha mgonjwa kwa udhuru huo. Aliagiza atafutwe mwanamke hodari, afanye uchunguzi na kupasua kwa mkono wake, huku akielekezwa na tabibu.

Katika saratani alikuwa mkweli zaidi. Uvimbe ukiwa mchanga na upo mahali unapoweza kukatwa wote, kama titi au paja, ukatwe na mizizi yake. Ukiwa mkubwa na wa siku nyingi, usiguswe. Hapo akaungama kwamba hajapata kumponya hata mmoja wa namna hiyo, wala hajamwona aliyeponya. Siku hizi saratani ya kibofu, ambayo kichocho cha mkojo ni mojawapo ya visababishi vyake, huonekana kwa kamera nyembamba inayopitishwa katika njia ya mkojo, na ikiwahiwa hutolewa kwa njia hiyo hiyo. Lakini tofauti aliyoiweka kati ya uvimbe uliowahiwa na uliochelewa bado ndiyo inayopimwa kwanza.

Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliitafsiri makala hiyo ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo. Wapasuaji wa Ulaya wakamwita Albucasis, na Guy de Chauliac wa Ufaransa, katika karne ya 14, alimrejea katika kitabu chake takriban mara 200.