Marehemu Mohamed Amin na Hazina ya Negativu Zake

Wapiga picha hodari waliotokea Afrika Mashariki ni wengi, lakini likitajwa jina la Mo peke yake, bila la baba wala la ukoo, waandishi wa habari wa Nairobi na wa London hujua mara moja ni nani anayekusudiwa. Huyo ni Marehemu Mohamed Amin, aliyefariki tarehe 23 Novemba, 1996, akiwa na umri wa miaka 53. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya ushujaa wake. Mimi leo napenda kumweleza msomaji jambo jingine, ambalo naona halijapewa haki yake: kwamba mtu huyu alikuwa bahili wa filamu zake, na ubahili wake huo umetufaa sisi sote.

Nimepata kuufikiria ubahili huo kwa sababu tangu mwisho wa masika ninakaa kwa mpwa wangu huko Kinoo, kando ya barabara ya Waiyaki ukitoka Nairobi kwenda Kikuyu, tukizipitisha katika skana ya nyumbani slaidi na negativu alizoziacha marehemu ami yangu. Kwa vijana wasioijua, negativu ni ule ukanda wa filamu ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi kikawa cheupe. Picha ya karatasi iliyokuwa ukutani kwa bibi ilitolewa humo. Karatasi ikichanika hutolewa nyingine, lakini negativu ikioza mambo yamekwisha.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, mwana wa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Punjab. Akali mtoto, jamaa yake ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoipata kamera yake ya kwanza, kale kasanduku ka Kodak kaitwako Box Brownie. Hakuwa mtu wa kungoja kumaliza masomo ndipo aanze kazi. Mwaka 1963, akiwa hajatimiza hata miaka ishirini na miwili, alikwisha kufungua kampuni yake mwenyewe, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam.

Mwezi wa Januari, 1964, mambo yakazuka. Tarehe 12 yalitokea mapinduzi ya Unguja, na siku chache baadaye askari wa Tanganyika wakaasi. Mo, kijana wa miaka 20, alizipiga habari hizo. Wasomaji wangu wa mwambao hawana haja ya kuelezwa uzito wa mwezi ule, kwani hakuna mtaa wa kale kutoka Lamu hadi Kilwa usiokuwa na nyumba iliyopoteza mtu au iliyopokea mtu. Kila upande una masimulizi yake, na masimulizi hubadilika kwa kadiri wasimulizi wanavyozeeka. Filamu haibadiliki. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja kwa sababu ya picha za mafunzo ya kijeshi, akafungwa karibu mwezi mzima na kuteswa, kisha akafukuzwa kuletwa Kenya. Waliomfukuza hawakujua kwamba wanazifanyia hisani filamu zake za baadaye.

Nasema hisani kwa maana halisi. Filamu haina adui mkubwa kama joto na unyevu. Hewa yetu ya pwani, ambayo kwa minazi ni neema, huzaa ukungu juu ya filamu ukitambaa kama utando wa buibui, na plastiki yenyewe ikianza kuharibika hutoa harufu ya siki. Nilipoufungua mkebe wa biskuti wa ami uliokaa Mombasa miaka zaidi ya arobaini, pua ilinipa habari kabla ya macho. Nairobi kuna baridi na ukavu kiasi, na huko ndiko Mo alikojenga ghala lake. Alipiga picha za kifo cha Tom Mboya, aliyeuawa tarehe 5 Julai, 1969, na za utawala wa Idi Amin kule Uganda, na za nchi nyingi nyinginezo, na Camerapix ikawa inaziuza duniani kote huku asili zikirundikana Nairobi. Wapiga picha wangapi waliwatumikia mabwana wa magazeti, wakalipwa ujira wa siku, na filamu zao zikaishia katika mapipa ya watu!

Basi sikiliza kazi yenyewe ilivyo. Skana ya kawaida ya kunakili barua haifai, kwa kuwa negativu hutaka mwanga upite ndani yake. Hutakikana ile yenye taa katika kifuniko chake. Filamu hupulizwa vumbi kwa kipira cha hewa, hushikwa pembeni kwa glovu za pamba, na upande wake usiong'aa huangaliwa vizuri uelekee unakotakiwa, ama sivyo mtu wa mkono wa kulia ataonekana wa shoto na maandishi ya Kiarabu yatasomeka kinyume. Picha moja ya milimita 35, ikisomwa kwa nukta 3,200 kwa inchi, hutoa nukta zipatazo milioni 13. Kwetu sisi kila moja huchukua dakika nne, na ukanda wa picha 36 hula saa mbili na dakika ishirini na nne, iwapo stima haikukatika. Programu ina hila ya kufuta vumbi kwa miale isiyoonekana, lakini hila hiyo haifai kwa filamu nyingi za nyeusi na nyeupe, kwa sababu fedha iliyomo huizuia miale na mashine ikadhani picha nzima ni uchafu. Hizo husafishwa kwa subira. Duka moja mjini, ambalo sitalitaja, lilisugua slaidi zetu mbili kwa kitambaa cha maji, na zilizorudi ni mikwaruzo tu.

Slaidi za ami zilizo bora ni za Hijja aliyoifanya miaka ya sabini. Wakati ule masheikh wetu walihitilafiana sana juu ya picha, na wako waliomlaumu kwa kubeba kamera safari ile. Mo naye alihangaika sana kuipata ruhusa ya kuipiga Hijja, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha Safari ya Makka, kilichowaonyesha walimwengu jambo ambalo asiye Mwislamu hawezi kwenda kulitazama. Ukizitazama picha za miaka ile unauona mji mwingine. Ile ngome ya Ajyad ya Waturuki, iliyokuwa kilimani ukiuelekea Msikiti Mtukufu, ilibomolewa mwaka 2002, na mahali pake pamesimama minara ya hoteli yenye saa kubwa. Katika slaidi moja ya ami ngome bado ipo, nayo imejaa jua la asubuhi.

Yaliyompa Mo sifa kubwa zaidi ni ya Ethiopia. Mwezi wa Oktoba, 1984, alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC, na picha zao za njaa, zilizoonyeshwa kuanzia tarehe 23, ziliutikisa ulimwengu. Tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai, 1985, asili yake ni hapo. Mwezi wa Juni, 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, likamuua mwenzake John Mathai, naye Mo akapoteza mkono wa kushoto. Wengi walidhani kazi imekwisha. Alitiwa mkono wa bandia, akarudi kwenye kamera.

Ajali ya mwisho ilimkuta angani. Ndege ya Ethiopia aliyopanda kutoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na vijana watatu waliotaka ipelekwe Australia, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Katika watu 175 waliokuwamo walifariki 125, naye akiwa mmoja wao. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Camerapix iliendelea mikononi mwa mwanawe, Salim, na mwaka 2021 wakfu uliopewa jina la Mo ukishirikiana na Google ulizitoa hadharani maelfu ya picha zilizokwisha kuingizwa katika kompyuta. Hata mtoto wa Pate mwenye simu anaweza kuzitazama. Lakini hazina nzima huhesabiwa kwa mamilioni. Kwa mwendo wetu wa Kinoo, mtu mmoja akikaa kwenye skana saa nane kila siku, picha milioni moja tu zitamchukua karibu miaka 23, bila Ijumaa wala Idi ya kupumzika, na wazee wanaoweza kuwataja kwa majina watu waliomo katika picha za mwaka 1964 wamebaki wachache.